Fangasi Anayesubiri Harufu

Shangazi yangu akiona jambo asilolielewa, usitegemee kula kwa wakati. Siku moja maharage yaliungua mpaka sufuria ikatoboka, na yeye ameinama ukutani anawafuata sisimizi waliobeba kitu cheupe. Nikamwambia, "Wanakwenda kwao, shangazi, njoo uone moshi huku!" Akanijibu bila kugeuka, "Kwao ni wapi?" Na alikuwa anauliza kweli. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nilibamiza mlango nikaenda kununua mkate.

Ni mdogo wake baba, wa tumbo moja. Mumewe alifariki mapema, watoto hawakujaliwa, na nilipopata kazi kwenye kiwanda anachofanyia yeye, nilihamia kwake ili nisipoteze muda njiani. Nikisema kiwanda usifikirie makubwa. Ni chumba kimoja kirefu, sakafu ya saruji imeinamia mfereji, meza mbili za bati, na mashine moja ya kusaga vitunguu saumu inayopiga kelele kiasi kwamba bosi akitaka kutugombeza huandika ubaoni. Wanawake sita tunamenya, mashine inasaga, rojo linaingia kwenye mapipa ya plastiki. Harufu yake haitoki. Oga, jisugue, paka unachotaka, haitoki. Kuna mtu alikuja nyumbani kunichumbia, akapiga chafya mara saba sebuleni, akaaga. Hajarudi hadi leo, na simlaumu.

Saa nane tukitoka kazini, shangazi alikuwa anapitiliza shambani. Shamba ni la marehemu bibi, kipande cha mteremko wenye baridi na udongo mweusi mzito. Bibi alililima vitunguu maisha yake yote, na alipofariki alimwachia shangazi jembe na baba yangu hati. Ndiyo mambo ya wazee hayo. Baba ni fundi cherehani, hajashika mpini tangu ujana, lakini neno la mwisho juu ya shamba lilikuwa lake.

Miaka mitatu mfululizo vitunguu vilikuwa vinaoza. Vinaanza vizuri, majani yamesimama, halafu ncha zinageuka njano. Ukivuta, kitunguu kinakuja chenyewe bila kushindana nawe, maana hakina tena mizizi. Chini yake kimevaa utando mweupe kama pamba, na ndani ya ule utando kuna vipunje vyeusi, vidogo kuliko ufuta. Mwaka wa kwanza ulioza ukingo mmoja. Wa pili, nusu ya shamba. Wa tatu tulivuna magunia mawili pale pa magunia thelathini, na shangazi alikaa kimya siku nzima, jambo ambalo silikumbuki kabla ya hapo.

Ndipo mfyatua matofali alipomfuata baba. Tanuri lake liko ng'ambo ya kijito, na ule udongo mzito alikuwa ameumezea mate siku nyingi. Baba akatuita mimi na shangazi kibandani kwake, akazima cherehani, na baba akizima cherehani ujue kuna neno.

"Dada yangu, nakupa msimu huu mmoja," alisema. "Siku ya mavuno nakuja mwenyewe. Nikikuta vitunguu, endelea. Nisipokuta, namkabidhi huyu bwana achimbe."

"Akichimba, kaka, tutabaki na shimo."

"Sasa hivi una nini?"

Nilitaka kumjibu mimi. Shangazi akanikanyaga mguu chini ya meza.

Niseme wazi hapa: shamba lile kwake halikuwa kilimo tu. Kiwandani anamenya, nyumbani analala, shambani ndipo anapoishi. Matofali yakishafyatuliwa, udongo haurudi, na yeye alikuwa na miaka hamsini na mbili. Angekwenda kuanza wapi?

Tulirudi shambani jioni ileile kung'oa mabaki. Mimi nalalamika, yeye anaokota, na mara akasimama. Kwenye kona ya juu, karibu na njia, kulikuwa na vitunguu kama arobaini, vimenona, vimekaa wima. Katikati ya ule msiba wote, arobaini wazima!

"Unaona?" akaniambia.

"Naona. Tuvibebe, giza linaingia."

"Kwa nini hapa?"

Nikajua siku imeisha. Alichimba kwa mikono, akanusa udongo, akapima kwa hatua. Akataka kujua pale palikuwa na nini. Nikamkumbusha kwa hasira kwamba pale ndipo yalipokaa mapipa. Bosi alikuwa ametupa mapipa saba yaliyochakaa tuwekee maji ya kumwagilia, na tulikaa miezi tunayasuuza palepale, maana kila tukitia maji yalitoka na ladha ya vitunguu saumu. Hapakupandwa kitu wakati wote huo. Mapipa yalipohamishwa chini, yeye akachomeka miche iliyobaki.

"Kwa hiyo hapa palikunywa vitunguu saumu," akasema.

"Na mimi nataka kunywa chai, shangazi."

Kesho yake aliomba ruhusa kazini, na kwa kuwa hajawahi kuomba ruhusa, bosi alidhani kuna msiba. Tukaenda maabara ya udongo, yeye amebeba mifuko miwili kwenye kikapu, mmoja wa katikati ya shamba na mmoja wa ile kona. Mtaalamu mwenyewe alikuwa binti mdogo kuliko mimi, koti jeupe limemzidi, kalamu nne mfukoni. Nikasema moyoni, haya, tumekuja kupoteza nauli. Nilikosea. Yule binti alimwaga udongo kwenye chekeche laini, akaupitishia maji, kilichobaki akakitandaza kwenye sahani nyeupe, akampa shangazi lenzi.

"Hesabu vile vyeusi, mama."

Katika kijiko cha udongo wa katikati shangazi alihesabu thelathini na kitu. Katika ule wa kona alipata vitatu, tena viwili vilikuwa maganda matupu.

"Huyu ni fangasi," binti akaeleza. "Hivi vipunje ndivyo anavyolala. Anaweza kulala ardhini miaka ishirini. Ukipanda mahindi, hashtuki. Ukipanda maharage, hashtuki. Anasubiri kitu kimoja tu."

"Kitu gani?" Shangazi alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Harufu. Mizizi ya kitunguu cha aina yoyote, saumu pia, inatoa harufu yake udongoni. Akiisikia anajua chakula kimefika, anaamka, anaota nyuzi, anashika mizizi."

Nikaona midomo ya shangazi inacheza, kama anapanga hesabu.

"Na akiamka akakuta hakuna kitunguu?"

Binti akacheka, akafurahi kabisa, wala hakuwa anamcheka. "Anakufa, mama. Ameshamaliza akiba yake, hana nguvu ya kulala tena. Nadhani ndicho kilichotokea kwenye kona yako. Mlimwamsha kwa harufu, mezani hakuna kitu."

Lo! Mimi, mtu wa kulalamika, nilijikuta nimesogea mpaka nikagusa lenzi kwa pua. Mchezo gani huu? Kitu hakina macho wala pua, kimelala miaka ishirini, na kinaweza kudanganywa kama mtu aliyesikia harufu ya pilau kwa jirani akadhani ameitwa.

Lakini shangazi alikuwa na swali jingine, na hili liliuma. "Alifikaje shambani kwangu?"

Binti akamuuliza vitunguu vilivyooza huwa anavipeleka wapi. Shangazi akajibu kwa fahari kwamba shambani kwake hakitupwi kitu. Bibi alimfundisha hivyo: ganda, jani, kitunguu kibovu, vyote shimoni, vioze vizuri, msimu ukifika virudishwe kwenye matuta. Miaka kumi na mmoja tangu bibi afariki hajawahi kuikiuka amri hiyo hata siku moja.

"Mbolea ya shimo ni nzuri sana, mama," binti akasema taratibu. "Kuna magonjwa mengi ya udongoni ambayo mboji huyatuliza. Lakini shimo lako halipati joto la kutosha kumuua huyu. Pengine aliingia na miche ya mtu, kidogo tu. Halafu kila msimu ukawa unamkusanya na kumpanda upya."

Tulirudi nyumbani. Tulipofika mlangoni shangazi alisema, "Nilikuwa namlisha. Kwa mikono yangu hii." Nikachukua ndoo, nikaenda kuteka maji.

Asubuhi alikuwa ameshakata shauri. Msimu huu hapandi vitunguu.

"Umerogwa?" nilipiga kelele. "Baba amesema asipokuta vitunguu, anamwita mtu wa matofali!"

"Nikipanda vitaoza, hatakuta. Nisipopanda, hatakuta. Bora asikute kwa faida."

"Basi mwambie!"

"Atanicheka. Na akinicheka sasa, nitashindwa kuendelea. Namjua kaka yangu na najijua mimi."

Haambiliki yule mtu. Nilinuna siku mbili, siku ya tatu nikabeba ndoo.

Bosi alikubali tuchukue punje za vitunguu saumu zilizovunjika au kuchubuka, zile ambazo haziuziki. Maganda binti alitukataza kabisa, kwa kuwa yanaweza kubeba fangasi yuleyule kutoka shamba la mtu mwingine. Tulisaga punje zilizomenywa tu, tukakoroga na maji kwenye mapipa, tukamwagilia shamba tuta kwa tuta, tukifukia kidogo kwa reki ili harufu ishuke chini isipotelee hewani. Ilibidi udongo uwe na unyevu na ubaridi, maana kwenye joto kali fangasi hajisumbui kuamka. Kwa hiyo tulimwagilia wiki za mawingu, viatu vimejaa matope, mimi nalaani ukoo mzima kimoyomoyo. Na wala hakuna aliyeshangaa tunavyonuka! Sisi si tunanuka siku zote? Tulifanya siri kubwa kuliko zote mtaani, na ilikuwa inanusika kutoka kona ya duka.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa vitunguu vya kujiotea. Kila wiki kulichomoza viwili vitatu kutoka kwenye mabaki ya zamani. Kimoja tu kikibaki, walioamka hapo jirani wanapata chakula, wanazaa. Tulipita tukiinama mstari kwa mstari. Shangazi kung'oa kitunguu kichanga kilichonawiri, mtu aliyelelewa na vitunguu! Kila alipong'oa alikunja uso, na vyote tulivichoma kwenye debe la bati. Shimo la bibi tuliliacha lilivyo, hatukuligusa.

Na katikati ya hayo yote akawa na raha, bwana. Sijui niielezeje. Kila Jumamosi alichota udongo, akachekecha kwa kitambaa cha wavu, akahesabu kwa lenzi aliyoazimwa na yule binti. Ananiita nione kipunje kilichopasuka, nyuzi zimechungulia. "Huyu ameamka! Njoo, njoo umwone, mwamkie shikamoo!" Nilimwambia ana kichaa. Halafu nami nikawa nakwenda bila kuitwa, nikitaka kujua kwa nini wengine wanaamka mapema na wengine wanachelewa, na je, wanaoishi chini kabisa harufu inawafikia? Hilo la mwisho hata binti alisema hajui vizuri.

Siku ya mavuno ikafika.

Baba alikuja saa nne asubuhi, shati limepigwa pasi, na nyuma yake mfyatua matofali ameshika kamba ya kupimia. Walisimama njiani wakatazama. Shamba lilikuwa jeusi, tupu, safi, halina hata jani moja.

Baba hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. "Hukupanda," alisema. "Mimi nakupa msimu, wewe hata kupanda hukupanda."

"Sikupanda, kaka."

"Basi hatuna la kuzungumza. Bwana, pima."

Yule mtu akaanza kukunjua kamba. Machozi ya hasira yakanijaa, nikafungua kinywa nitukane watu wazima. Lakini shangazi alikuwa ameshapiga magoti pale pembeni, ametoa beseni, chekeche, chupa ya maji na kitambaa cheupe, amepanga kama mtu anayetandika chakula.

"Kaka, wewe unatia uzi kwenye sindano bila miwani. Nipe macho yako dakika kumi, halafu apime. Sitakuomba kitu kingine."

Baba akamtazama mwenzake, akatazama saa, akachuchumaa. Nadhani ni lile neno la macho. Baba anayaonea fahari macho yake kuliko watoto wake.

Shangazi akachekecha kwanza udongo wa kopo alilolifunga kabla hatujaanza kumwagilia, akaweka vipunje kwenye kitambaa. "Vitoboe." Baba akachomoa sindano kwenye ukosi wa shati, akaminya cha kwanza. Kilikuwa kigumu, kikapasuka, ndani cheupe. Cha pili, kigumu, cheupe. Akatoboa kumi, vyote hivyohivyo.

"Hao wazima," shangazi akasema. "Ndio waliokula vitunguu vyetu. Sasa chagua mahali popote, uchote mwenyewe."

Baba akaenda katikati kabisa, palipooza kuliko kote. Akachota, akachekecha, akamwaga maji kwenye kiatu chake, hakujali. Kipunje cha kwanza kilipoguswa na sindano kilibonyea, ganda tupu. Cha pili, ganda. Cha tatu, ganda. Alikuwa anahesabu kwa sauti ya chini, na mfyatua matofali naye akaacha kamba, akasogea, akainama juu ya bega lake. Kumi na tisa, ishirini. Cha ishirini na moja sindano ikagoma. Baba akaminya zaidi.

"Hiki kigumu."

"Ndiyo."

"Cheupe ndani. Kizima hiki."

"Kizima. Utakuta na vingine. Sikumaliza wote, kaka, na hao waliobaki wanaweza kuniozea mistari kadhaa msimu ujao. Sikudanganyi." Akajifuta matope mikononi. "Na aliyewajaza humu ni mimi. Kila msimu nimewarudisha matutani na mbolea, nikidhani nafanya alivyotaka mama. Nilitaka niwaondoe mwenyewe kabla hujauza."

Baba akaendelea kutoboa mpaka thelathini. Vizima vilikuwa vitatu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenicheka."

"Ningekucheka," baba akakubali. "Ndiyo. Ningekucheka sana."

Akainuka, magoti yamejaa matope, akamgeukia mfyatua matofali. "Ndugu yangu, kunja kamba yako. Nilikosea kukuita."

Nina miaka ishirini na sita, na sijawahi kumsikia baba akisema kwamba alikosea, hata kwa mama. Mfyatua matofali alitikisa kichwa, akatazama udongo ule mara ya mwisho kwa huruma ya kweli, akaondoka. Shangazi alijifunika uso kwa kanga na kulia kwa sauti, mabega yanatikisika, nami nikamkumbatia huku nikilia na kumkemea aache kulia.

Tulipotulia, tulimkuta baba amechuchumaa tena kwenye beseni, mikono ya shati imekunjwa.

"Hapa nimeona, katikati," akasema bila kuinua kichwa. "Nileteeni udongo wa kule ukingoni kwenye kivuli. Huko wameamka wangapi?"